Jinsi ya Kufungua Nyumba ya Sanaa Mji Mkongwe Bila Kuiangusha

Umepata nyumba kuukuu Mji Mkongwe wa Zanzibar, mlango wa nakshi, na tayari unapanga picha gani ikae wapi. Weka nyundo chini. Panda paani mvua ya masika ikinyesha, uone maji yanakoelekea. Mlizamu mmoja ulioziba huharibu picha nyingi kuliko mwizi.

Fundi akija na mfuko wa saruji, mpe chai, mshukuru, msindikize hadi mlangoni. Kuta hizi ni mawe ya matumbawe yaliyoshikwa kwa chokaa; hunyonya unyevu na kuutoa. Ukizifunika kwa saruji, unyevu hukosa njia, chumvi huchanua, plasta hubanduka, na nyuma ya picha huota kuvu. Tafuta mwashi anayejua chokaa iliyolowekwa ikaiva, umlipe vizuri, umpe na kijana wa kumfundisha kazi. Ujuzi huo ukipotea, mji mzima utaufuata.

Kibali cha ukarabati huombwa Mamlaka ya Mji Mkongwe. Usinung'unike: mji huu umo katika Urithi wa Dunia tangu mwaka 2000.

Usivunje ukuta kutafuta ukumbi mpana. Vyumba ni vyembamba kwa sababu boriti za mikoko hazivuki mbali, mita 3 hivi, na huo ukuta unaokukera ndio uliobeba ghorofa ya juu. Chagua kazi zinazokaa vizuri humo. Picha za Tingatinga, ambazo Edward Saidi Tingatinga alizianza Dar es Salaam mwishoni mwa miaka ya 1960 juu ya vipande vya hadibodi, zinafaa sana. Ziache vidole viwili kutoka ukutani, hewa ipite. Vinyago vya Wamakonde viweke chini: mpingo ni mzito, na boriti zina umri.

Usiku wa ufunguzi, hesabu wanaopanda ngazi. Beit al-Ajaib, jumba la Sultani Barghash la mwaka 1883, liliporomoka upande mmoja tarehe 25 Desemba 2020 likiwa katika ukarabati, na watu 2 wakafa. Mgeni akikasirika kwa kusubiri uani, mwache akasirike.

Wazee wa barazani usiwaondoe kwa ajili ya bango lako. Hiyo baraza ilikuwa yao kabla hujaja. Waingize ndani siku moja kabla ya waalikwa, kahawa iwe tayari, na maelezo ya kila picha yaandikwe kwa Kiswahili.