Nyumba ya Shemeji Ina Taa za Breki

Nyumba ya shemeji yangu hapa Gazi ina nambari ya usajili inayoanza na Z kama matrela yote ya Kenya, ina taa mbili nyekundu za breki, na mlangoni ina bango la Kiingereza linaloonya kwamba ndani mna farasi. Bango tumelikwangua kwa kisu, kwa petroli na kwa maneno makali, halibanduki. Farasi mwenyewe hajapata kukanyaga Gazi.

Shemeji alikuwa saisi huko Karen, Nairobi. Aliwalisha farasi, akawaosha, na siku za mbio akawasindikiza hadi uwanja wa Ngong, ule uliofunguliwa mwaka 1954, ambako kwa maelezo yake watazamaji hupambwa kuliko farasi. Tajiri wake alipohama nchi, farasi waliuzwa, mbwa wakagawiwa majirani, naye akapewa trela la farasi wawili liwe ndicho kiinua mgongo chake. Mtu mwingine angelinadi kabla ya magharibi. Shemeji alimpigia simu dada yangu: "Mama watoto, tafuta mahali pa kuweka nyumba. Nakuja nayo."

Nilikwenda kumpokea Mombasa, kwa hiyo nina ushahidi kwamba kwenye kivuko cha Likoni hakuna binadamu anayeamini kuwa trela la farasi linaweza kuwa tupu. Mama mmoja alitua beseni lake la viazi vya karai, akakanyaga gurudumu, akachungulia ndani.

"Yuko wapi?"

"Nani?"

"Farasi."

"Hamna farasi, mama."

"Na hiyo harufu ni ya nani? Yako?"

Kutoka Likoni hadi Gazi ni kama kilomita 50, na habari zilitutangulia zote hizo. Tulipokata kushoto kuiacha barabara ya Lunga Lunga, watoto walikuwa wamejipanga njiani, kila mmoja na fungu lake la majani mabichi. Daraja la nyuma likashushwa, wakaona ndani mna spea tairi na begi la shemeji. Kilio kilichofuata kiliwatoa watu madukani.

Wazee wa barazani hawakulia, walitoa hoja. "Farasi hapa haishi," mmoja akasema. "Shimba Hills hiyo hapo juu, ina mbung'o wake. Punda mwenyewe anaishi kwa dua." Mzee alisema kweli. Ugonjwa wa mbung'o ndio uliowanyima farasi sehemu kubwa ya nchi hizi. Hata Nairobi ya mwanzo kulikuwa na daktari Mgoa, Rosendo Ribeiro, aliyefika huko mwaka 1900, akawa anawazungukia wagonjwa wake amepanda pundamilia, na picha zake zipo. Mgonjwa mwenye homa aliyeinua kichwa akamwona daktari wake anaingia uani kwa usafiri huo, sijui aliomba dawa gani.

Mpango wa shemeji, tukisema haki, ulikuwa na mantiki. Gazi ina wageni. Miaka ya 1970 mikoko ya hapa ilikatwa kwa kuni za viwandani hadi sehemu nyingine za ghuba zikabaki tope tupu. Kupanda upya kukaanza mwaka 1991, na tangu 2013 mradi wa Mikoko Pamoja unauza hewa ya kaboni kutoka hekta 117 za mikoko, fedha zinakwenda kwenye maji na shule. Akina mama nao wana njia yao ya mbao inayopita juu ya tope katikati ya miti, mgeni anatembea viatu vikavu kisha anauziwa chakula. Wanakuja wanafunzi wenye futi na madaftari, wanakuja Wazungu wenye kofia pana. Wote hao, alisema shemeji, usiku ukifika wanataka kulala, na huko Ulaya watu hulala ndani ya matrela kama haya kila penye mashindano ya farasi.

Ambalo hakulisema ni kwamba trela hili liliundwa kwa ajili ya abiria anayesafiri amesimama, asiyeuliza choo kiko wapi, na ambaye chumba kizima kimempangia haja moja tu ya faragha.

Haja hiyo ndiyo tuliyoanza nayo. Juu ya sakafu palikuwa na zulia zito la mpira, na chini yake mbao. Fundi wa kuchomelea kutoka Msambweni alikunja pembe ya zulia, akatazama, akachomoa bisibisi mfukoni na kuigusisha kwenye ubao. Ikazama hadi kwenye mpini. Miaka na miaka mkojo ulikuwa ukipenya pembezoni mwa mpira na kukaa pale, mbao zimekuwa nyeusi, zinachirizika maji ukizibonyeza. Jua la saa sita lilipopiga bati, tulitoka sote tunatokwa machozi, wakubwa kwa wadogo.

Kila nyumba ikaleta dawa yake: ndimu, siki, majivu, mkaa. Shangazi akaja na chetezo, akafukiza ubani na udi tangu alasiri hadi taa zikawashwa, akakataa mtu kufungua mlango. Ulipofunguliwa, ndani mlinukia farasi anayekwenda harusini. Mbao zikang'olewa, zikawekwa mpya.

Yakaja madirisha. Farasi hupewa upenyo juu, usawa wa pua yake, naye anaridhika. Mtu akiwekwa humo Gazi mwezi wa Machi, kaskazi inakata roho na bati linatoa moto, atatoka amepungua. Fundi akaleta grainda na pimamaji, akapiga mistari kwa uangalifu ambao sijauona hata msikitini wakati wa kujenga kibla, akakata madirisha mawili kila upande. Yalinyooka hasa. Tatizo ni kwamba siku hiyo trela lilikuwa limeinamisha pua, kigurudumu chake cha mbele kimezama mchangani. Jioni tuliliinua kwa jeki, tukaliweka juu ya matofali likae sawa, na madirisha yote manne yakaanza kupanda mlima.

Shemeji alitazama, akamtazama fundi.

"Fundi, haya mbona yamepinda?"

"Dirisha halikupinda," fundi akasema, anakunja waya wake. "Pima mwenyewe. Nililipima na dunia. Nyinyi mmelipindua trela."

Akalipwa. Hoja kama hiyo haina jibu.

Kitanda kiliwekwa nyuma, karibu na daraja la kupandia ambalo sasa lilikuwa mlango, ili mgeni aamke akiona bahari. Wa kwanza kukijaribu alikuwa mjomba wetu, mimi na dada, mtu mzima wa heshima na wa uzito. Hapa lazima nieleze mambo ya mizani. Farasi mmoja ana kama kilo 500, na trela husimamishwa juu ya magurudumu yake ya kati kwa namna ambayo wanyama wakiwamo, uzito huelemea mbele kidogo, kwenye gari linalovuta. Gari likiondolewa, mbele hakuna kinachoshika. Nyuma pia hakuna, isipokuwa umetia nguzo chini, na nguzo zilikuwa kwenye orodha ya wiki iliyofuata.

Mjomba aliingia kwa bismillahi, akapita kwenye jiko dogo, akakaa ukingoni mwa godoro. Pua ya trela ikanyanyuka taratibu kutoka kwenye matofali. Masufuria yakaanza kuteremka, kisha jagi, kisha mkoba wa shemeji wenye misumari. Mjomba akashika ukuta, ukuta nao unakwenda. Kitako cha trela kikagonga ardhi, komeo likafunguka, daraja likaanguka wazi, na mjomba akateleza nje pamoja na godoro lake mpaka mchangani, mbele ya baraza ambayo saa hiyo haikosi watu kumi.

Hakuna aliyecheka, kwa sababu ya umri wake. Alifunga kikoi vizuri, akapangusa mchanga kwenye ndevu, akatusalimu.

"Nilikuwa natoka," akasema.

Masika yalipoingia, mvua juu ya lile bati ilizima mazungumzo yote, na upepo wa kusi ukaleta chumvi ikatafuna kila mshono uliochomelewa. Ikaamuliwa trela lijengewe banda la makuti juu. Fundi wa makuti alitaka boriti za mkoko, kama babu yake alivyojengea. Akakumbushwa na watu wengi kwa wakati mmoja kwamba huwezi kumlaza mgeni aliyekuja kuitazama mikoko chini ya mikoko iliyokatwa. Akatumia mivinje, ile inayopandwa huku makusudi ili watu wapate miti ya kujengea, na akanung'unika tangu nguzo ya kwanza hadi kuti la mwisho.

Banda lilitoka pana kuliko trela, na hapo ndipo mambo yalipochukua mkondo wake. Dada akahamishia jiko nje, kwa sababu ndani samaki wa kukaanga haondoki. Choo kikajengwa uani. Pembeni ikapigwa baraza ya saruji, na juu ya baraza kikaja kitanda cha kamba. Mgeni wa kwanza wa kulipa, mwanafunzi aliyekuja kupima miche ya mikoko, alionyeshwa trela lote, taa, kabati, madirisha yanayopanda mlima. Akashukuru sana. Akatundika chandarua juu ya kile kitanda cha kamba na kulala hapo muda wote aliokaa Gazi. Trela likabaki la kuweka mtungi wa gesi na nyavu.

Na mjomba. Heshima yake haikukubali kisa kiishie kwenye godoro mchangani, kwa hiyo kila baada ya adhuhuri huja na mto wake, akaingia, akalala mbele kabisa, penye hori la nyasi. Akiwa pale trela hulala sawa bila hata jeki. Fundi amesema hajaona nguzo bora.

Juzi amekuja bwana mmoja kutoka Diani, mwenye ngamia wa kuwapandisha watalii ufukweni. Ameng'amua kwamba kumtembeza ngamia juu ya lami kunampotezea siku, na amesikia Gazi kuna trela. Shemeji akamwambia dari ni mita 2 na ushei, ngamia hatoshi. Yule bwana akasema ngamia hupakiwa amekaa. Shemeji akanyamaza, akaenda kuchukua futi. Nilipowaacha walikuwa wameshaelewana bei, wanabishana jambo moja tu, nani atakayemwambia mjomba.