Sifa za Mkweche Wenye Kutu

Mkweche wenye kutu ndio malighafi bora ya gari la sanaa, yaani gari ambalo mwenyewe amelipaka rangi, amelibandika vikorokoro na kulichomelea mapambo hata likaacha kufanana na chochote kilichowahi kutoka kiwandani. Watu husifu injini, gia na mwendo. Kutu haina wa kuisifu, ilhali ndiyo inayobeba kazi ngumu kuliko zote: humtoa mwenye gari woga. Hakuna mwenye akili timamu atakayetoboa boneti ya gari ambalo bado analilipia mkopo benki. Gari likishatoboka lenyewe, tundu la ziada si hasara.

Kazi hiyo kutu huifanya bila ujira. Chuma kikikutana na maji na oksijeni huliwa polepole, na chumvi huharakisha mlo huo, ndiyo maana upepo wa bahari huivisha magari ya Mombasa na Tanga upesi kuliko hewa kavu ya Dodoma. Tena kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma ilichokula, kwa hiyo huisukuma rangi ya kiwandani kutoka chini: kwanza malengelenge, kisha magamba, mwishowe bati tupu. Fundi rangi angetoza fedha nzuri kuikwangua. Kutu huikwangua usiku, mwenye gari amelala, na haiombi hata pesa ya chai.

Mkweche una fadhila nyingine, za tabia. Hauwatamanishi wezi. Mikwaruzo ya maegeshoni haiutii simanzi. Zaidi ya yote, hauna haraka, na hilo ni jambo la kitaalamu: wanasesere, vifungo na vigae vilivyogundishwa juu ya paa haviwezi kustahimili upepo wa barabara kuu. Injini iliyochoka basi huwa mlinzi wa sanaa, na kila kilima kinachoishinda huokoa pambo.

Mji uliotambua fadhila hizo mapema ni Houston, Texas, nchini Marekani, mahali penye joto na unyevu wa kutosha kulea kutu. Hapo tarishi Jeff McKissack alikuwa amejenga kwa mikono yake, kwa vitu vilivyookotwa, jengo la maajabu liitwalo Orange Show, kwa ajili ya kulisifu chungwa. Mtu aliyeweza kulisifu chungwa kwa saruji na vyuma chakavu alikuwa amewafungulia njia wapambaji wa mikweche. Mwaka 1984 msanii Jackie Harris alichukua Ford kuukuu akalipaka rangi na kulijaza matunda ya plastiki. Likaitwa Fruitmobile, nalo lina uhusiano wa karibu na taasisi ya jengo hilo la Orange Show. Tangu 1988 mji huo una maandamano yake ya magari ya sanaa. Huko California, msanii Harrod Blank alilifunika gari lake kwa kamera, nyingine zikiwa zinafanya kazi kweli, zikiwapiga picha wapita njia walioduwaa. Kwa mara moja, aliyekodolewa macho akawa ndiye anayeweka kumbukumbu.

Wapo wanaodai kwamba gari zima nalo laweza kuwa sanaa. Kampuni ya BMW ilianza mwaka 1975 kuwapa wasanii mashuhuri magari yake; la kwanza lilipakwa na Alexander Calder, likapelekwa kwenye mashindano ya Le Mans, likaharibika kabla ya mwisho. Mkweche haujawahi kumwangusha mtu namna hiyo, kwa kuwa haukuahidi kufika. Nazo matatu za Nairobi, kwa uzuri wake wote, hupambwa ili zivute abiria. Mkweche hauvuti abiria hata mmoja, na sanaa yake haina mteja wa kumbembeleza.

Utengenezaji wenyewe huanza kwa brashi ya waya na msasa, ili kuondoa kutu inayopukutika. Ile iliyoshikamana na bati huachwa, ikapakwa dawa yenye asidi ya fosforasi, nayo hugeuka tabaka jeusi linaloshika rangi vizuri. Rangi ya kwanza hufuata, kisha ya michoro. Mapambo mepesi hubandikwa kwa silikoni, maana hubaki na ulaini ikakubali mtikisiko wa barabara mbovu. Gundi inayokauka ikawa ngumu hupasuka. Mazito hufungwa kwa skrubu au huchomelewa. Taa, vioo, namba za usajili na sehemu anakotazama dereva haziguswi, kwani askari wa barabarani si mhakiki wa sanaa. Kuna silikoni yenye harufu ya siki ambayo hutoa asidi inapokauka, na asidi hiyo huanzisha kutu mpya chini ya mapambo. Mafundi huilaani. Kwa mtazamo wa makala haya, kuitumia ni kulilipia gari bima ya ubovu wake.

Gari likishapambwa, watoto hulikimbilia, wazee husimama kuuliza, na jirani aliyekuwa akidai liondolewe huwaleta wageni wake kulitazama. Gharama zipo: uzito huongeza unywaji wa mafuta, kuliosha ni kazi ya siku nzima kwa mswaki, na kila mvua kubwa hudai pambo lake. Injini ikifa kabisa, hadhi haipungui, kwa kuwa gari la sanaa lililoegeshwa hutazamwa vizuri zaidi kuliko linalopita.

Mwenye gari jipya hastahili bado kuianza kazi hii. Asikate tamaa, aliegeshe nje, karibu na bahari, na aache kuliosha.