Sifa za Kumtimua Kocha

Subira imeshasifiwa vya kutosha. Mimi leo nasifu jambo linalotukanwa na kila mchambuzi wa redio: kumtimua kocha. Ni mchezo usiodai uwanja, jezi wala mpira, na ndio mchezo pekee ambao Watanzania wote tumefuzu kuucheza. Hata mechi huna haja ya kuitazama yote. Dakika ya sabini, mko nyuma kwa bao moja, inatosha. Pale Karatu, kwenye vijiwe vya barabara kuu iendayo Loduare, geti la kuingilia Ngorongoro, madereva wanaosubiri wageni wao watoke hotelini humtimua kocha wa Simba kabla chai haijapoa na wa Yanga kabla chapati haijaisha. Wa Taifa Stars huachwa hadi jioni, kwa kuwa ni mtumishi wa umma. Hakuna hata mmoja aliyewahi kudaiwa fidia ya kuvunja mkataba.

Wabishi husema hakuna haki katika jambo hili. Hawalijui. Tarehe 5 Novemba 2023 Yanga iliifunga Simba 5-1, na siku mbili baadaye kocha wa Simba, Robertinho, akafungashiwa virago. Hapo hata mtoto anaelewa. Lakini Miguel Gamondi, yule Muajentina aliyekaa kwenye benchi la ushindi siku ile, akaubeba na ubingwa wa msimu ule, halafu Novemba 2024, baada ya kufungwa na Azam kisha na Tabora United, naye akatimuliwa. Aliyefungwa tano kaondoka, aliyefunga tano kaondoka. Nitajieni mahakama isiyo na upendeleo kiasi hicho. Baada yake Yanga ikapitiwa na Sead Ramović, Miloud Hamdi na Romain Folz, hadi Pedro Gonçalves alipopokea kijiti Oktoba 2025. Yote hayo hayakufikisha mwaka, na katikati ya msafara huo kombe la ligi la 2024/25 lilikuja lenyewe, bila kuuliza zamu ya benchi ni ya nani.

Tena tazameni huruma iliyomo. Timu ikifungwa, yapo maswali mazito yanayoweza kuulizwa: nani alimsajili yule beki, kwa ushauri wa nani, na kwa nini vijana wa timu B hawapandishwi? Maswali kama hayo huvunja ndoa za watu na kamati za watu. Wachezaji ni ishirini na ushee, wajumbe wana wapiga kura wao, ila kocha ni mmoja, mara nyingi mgeni, na begi lake tayari lina magurudumu. Anabeba dhambi za wote anapanda ndege. Kinachobaki ni karatasi moja yenye nembo, inayosema mkataba umesitishwa kwa makubaliano ya pande zote mbili na kwamba uongozi unamtakia kila la heri aendako. Sijui utanzu mwingine wa fasihi yetu ulio na adabu kiasi hicho.

Lakini utukufu wake kamili umeonekana Taifa Stars. Emmanuel Amunike alitupeleka AFCON ya 2019, mara ya kwanza tangu Lagos 1980, miaka thelathini na tisa. Tukafungwa mechi tatu, tukaachana naye. Adel Amrouche akaturudisha kwenye fainali zilizochezwa Ivory Coast Januari 2024. Kabla ya mechi ya kwanza akaisema vibaya Morocco, kwamba ina mkono katika kupanga waamuzi na saa za mechi. Morocco ikatufunga 3-0, CAF ikamfungia mechi nane, TFF ikamsimamisha. Timu akakabidhiwa nani? Hemed Suleiman, ambaye nchi nzima inamwita Morocco. Mtunzi wa tamthilia angeandika hivyo, mhariri angekata.

Hemed akatoka sare mbili, na Zambia na Kongo. Pointi mbili, mkiani mwa kundi, nyumbani. Akaja akatufuzisha fainali zilizofuata. Kwenye CHAN ya nyumbani, Agosti 2025, akatufikisha robo fainali, tukatolewa 1-0 na Morocco, hii ya kule kaskazini. Novemba TFF ikaachana naye na kumwita kocha wa kuliokoa taifa: Gamondi! Yule yule wa Yanga, mwaka mmoja tu tangu aonekane hafai kuivusha timu dhidi ya Tabora. Akaenda Morocco kwenye fainali hizo, akafungwa na Nigeria, akatoka sare mbili. Pointi mbili. Zile zile zilizotuburuza mkiani mara ya kwanza safari hii zikatuvusha hadi hatua ya 16 bora kwa mara ya kwanza katika historia yetu, kwa mlango wa washindwa bora. Tukatolewa 1-0. Na nani? Mnamjua. Sasa aje mtu aniambie kubadilisha kocha hakuleti mabadiliko.

Anayedhani desturi hii ilianzia Msimbazi au Jangwani na ashuke kreta ya Ngorongoro. Madume wageni wakiliteka kundi la simba, hufukuza madume waliokuwepo, kisha huua watoto waliowakuta ili majike wawazalie wao. Kocha mpya naye hufika, akawatazama wachezaji waliosajiliwa na mwenzake, akaulizia dirisha dogo linafunguliwa lini. Na kreta inajua gharama ya kukosa sura mpya. Mwaka 1962, baada ya mvua kubwa, nzi wanaouma walivamia, na simba zaidi ya sitini wakabaki kama kumi. Madume saba waliingia kutoka nje wakalinusuru kabila. Baada ya hapo wageni wakaadimika, na watafiti waliofuatilia vizazi wakakuta simba wanazaana ndugu kwa ndugu hadi uzazi unadhoofika. Mtaniuliza kama dawa basi si kusajili damu changa, badala ya kuhangaika na mtu mmoja wa benchini. Hii ni sifa, jamani, si semina.

Wasioamini kwamba kutimua ni kupenda, niwape mfano wa mwisho: mpira wa magongo. Mwaka 1980 Tanzania ilipeleka timu ya magongo ya wanaume kwenye Olimpiki ya Moscow, ile iliyosusiwa na Marekani na nchi nyingi. Timu zilikuwa sita, tukawa wa sita. India, waliokuja kutwaa dhahabu, walitufunga 18-0. Kumi na nane! Kwa hesabu za leo hayo ni mabao ya kutimua makocha sita na katibu mkuu juu. Karatu wanaikumbuka Moscow, lakini kwa ajili ya kijana wao Filbert Bayi aliyerudi na fedha ya mita 3,000 kuruka viunzi na maji. Zile kumi na nane ukizitaja kijiweni watu wanakutazama kama umetaja mechi ya sayari nyingine. Hakuna anayepandisha sauti, hakuna anayedai kikosi kifumuliwe, hakuna anayesema yeye alijua tangu mwanzo. Mchezo ambao hakuna anayetaka kichwa cha kocha wake, nani atanunua jezi yake?

Kwa hiyo nina ombi kwa wanaohusika na michezo, na madereva wa Karatu wataniunga mkono wageni wao wakishachelewa. Ajiriwe kocha wa magongo, wa kigeni ikiwezekana, apokelewe uwanja wa ndege kwa ngoma na shada la maua, apewe malengo yasiyofikika na mkataba wa miaka miwili. Baada ya miezi mitatu mtuachie sisi.