Namna ya Kupinduliwa kwa Hatua Tano

Mwongozo huu ni wa waziri mkuu wa kiraia anayetawala huku majenerali wakiwa mlangoni. Hatua zake zote zilijaribiwa Sudan kati ya 2019 na 2021, na zikafaulu. Zisome kwa makini, kisha ufanye kinyume.

1. Wape wanajeshi zamu ya kwanza. Agosti 2019, miezi minne baada ya Rais Omar al-Bashir kuangushwa, raia na majenerali walitia saini kugawana madaraka. Jenerali Abdel Fattah al-Burhan akapewa uenyekiti wa Baraza Kuu kwa miezi 21. Raia wakaambiwa wasubiri. Mwaka uliofuata, mkataba wa amani wa Juba ukaisogeza zamu yao mbele zaidi.

2. Fuga majeshi mawili. Kando ya jeshi la taifa kulikuwa na kikosi cha RSF cha Mohamed Hamdan Dagalo, maarufu Hemedti, kilichotokana na wanamgambo wa Janjaweed wa Darfur. Mafahali wawili hawakai zizi moja, lakini hupatana kwa muda wakitaka kumtoa mchungaji.

3. Waachie mali, ubaki na lawama. Jeshi lilimiliki makampuni ambayo Wizara ya Fedha haikuyagusa. Familia ya Hemedti ilikuwa na dhahabu. Waziri Mkuu Abdalla Hamdok alilisema jambo hilo hadharani, lakini hakuwa na nguvu ya kulibadili. Juni 2021 serikali yake ilifuta ruzuku ya mafuta, na hasira ya wananchi ikamwangukia yeye.

4. Ahirisha haki. Tarehe 3 Juni 2019 waandamanaji waliuawa mbele ya makao makuu ya jeshi, Khartoum. Kamati ya uchunguzi iliundwa. Hadi siku ya mapinduzi haikuwa imetoa ripoti. Bunge la mpito lililoahidiwa nalo halikuundwa.

5. Yaone mazoezi kuwa ajali. Septemba 2021 jaribio la mapinduzi lilizimwa. Wakati huohuo bandari ya Port Sudan ilifungwa na waandamanaji, na Khartoum mkate ukaadimika. Oktoba watu wakapiga kambi nje ya ikulu wakilitaka jeshi litwae madaraka. Alfajiri ya tarehe 25, Hamdok akakamatwa.

Siku hiyohiyo vijana wa kamati za mitaa walijaa barabarani mikono mitupu, na baadhi yao wakapigwa risasi. Novemba Hamdok alirudishwa ofisini kwa mkataba mwingine na majenerali walewale. Vijana waliukataa, na Januari 2022 akajiuzulu. Tarehe 15 Aprili 2023 majeshi yale mawili yakageukiana, na mamilioni ya Wasudani wakayakimbia makwao.

Walistahili bora kuliko hayo. Kwa hiyo wewe unayekaribia kutia saini, dai jeshi moja, hazina moja, mahakama na bunge. Yadai siku hiyohiyo, umati ungali barabarani, maana ndiyo siku ambayo jenerali anakuhitaji kuliko unavyomhitaji.