Sifa za Tope la Buhembe

Waungwana, migomba ya Bukoba mmeisifu, kahawa mmeisifu, na senene mmewasifu hadi wamepanda ndege kwenda Dar es Salaam. Tope hamjalisifu hata siku moja, nalo ndilo linalompokea mgeni wenu.

Hili si tope la juzi. Lina ukoo. Baba yake ni Ziwa Victoria, linalokusanya mawingu usiku na kuyamwaga Bukoba, hadi mji unapata takriban milimita 2,000 za mvua kwa mwaka. Mama yake ni udongo mwekundu. Pwani walihitaji kimbunga kizima, Hidaya cha Mei 2024, ndipo barabara ya kwenda Lindi ikatike. Kwetu Buhembe, hapa Bukoba, mvua ya kawaida tu yatosha.

Na uadilifu wake! Mheshimiwa ajaye kuomba kura kwa gari la vioo vyeusi hunasa palepale aliponasa bodaboda, akasukumwa na vijana walewale. Ili asukumwe sharti ashushe kioo. Akishusha kioo sharti asalimie. Akishasalimia, ataulizwa habari za kalvati. Mkutano gani wa hadhara umewahi kwenda haraka hivyo?

Tope pia ni shahidi asiyehongeka. Mume aapaye kuwa jana alilala mapema huumbuliwa na viatu vyake mwenyewe.

Sasa tazameni waliobarikiwa mvua bila tope. Mei 2018 kimbunga Mekunu kiliipiga Oman, maji yakatuama katika jangwa la Rub' al Khali, mchanga ukaota majani. Picha zilipendeza, sikatai. Lakini humo majanini, mbali na macho ya watu, nzige walizaliana kizazi baada ya kizazi, wakavuka Yemen na Pembe ya Afrika, na mwishoni mwa 2019 walikuwa wameingia Kenya wakila kila kilichoota. Mvua yetu ya Novemba, pamoja na tope lake, huleta senene. Huyo hamalizi shamba la mtu. Anamalizwa yeye, kwa kitunguu na chumvi.

Kijani chetu hakihitaji kimbunga wala mpiga picha. Kibanja cha migomba ni kijani Januari, ni kijani Julai, na mkungu wa ndizi unaofika sokoni umechelewa ulikuwa mzima shambani. Ulichelewa njiani, ukipata muda wa kuiva.

Najua tope lina maadui: mjamzito anayebebwa kwenda zahanati, mtoto anayefika shuleni na viatu mkononi, mama wa ndizi aliyeteleza na mzigo wake. Lakini hao hawakuniomba niandike, na jukwaani hawapewi kipaza sauti.

Kuna wanaodai lami. Nawauliza tu: ikishawekwa, mheshimiwa atashusha kioo kwa sababu gani?