Bwana Mkubwa Ameamka

Mwenye Pearson Triton hahitaji saa ya kengele. Jirani zake ndio wasioihitaji zaidi. Akisukuma mfuniko wa mlango wa chumba alfajiri, gati zima linajua kwamba bwana mkubwa ameamka na anataka kahawa. Mashua hiyo ya matanga, iliyochorwa na Carl Alberg na kuonyeshwa New York mwaka 1959, ina mwili wa faiba usiokubali kuzeeka. Mfuniko nao haukubali kuteleza.

Tiba ya kwanza huwa teke. Ya pili ni grisi, na hapo ndipo mgonjwa huzidiwa: grisi hunasa mchanga na chumvi, na mchanganyiko huo huzila reli kila mfuniko unapopita.

Ugonjwa wenyewe hauna ajabu. Kwenye mashua za umri huo, mbao za reli hunyonya maji zikavimba. Kwingine faiba husagana na faiba. Fundi mwenye subira hufungua skrubu za kizuizi, huuvuta mfuniko nje, huosha njia kwa maji yasiyo na chumvi, huacha mbao zikauke, kisha hupiga msasa palipovimba. Chini ya mfuniko hufunga vipande vyembamba vya polithini ngumu, ileile ya ubao wa kukatia nyama. Mwisho husugua nta ya mshumaa. Basi.

Lakini bwana mkubwa, aliyenunua skrini ya ramani na rada, anaona kukata ubao wa jikoni ni kujidhalilisha. Na aendelee na mateke.