Mwito Nisiousikia

Ilikuwa saa tano na dakika arobaini usiku. Nimekaa ukingoni mwa kitanda, nyumbani kwangu Chanika, Handeni, nimekodolea macho simu, natazama video ya ufugaji wa ngamia. Sina ngamia. Nina kuku sita na jogoo mmoja mvivu. Ila bando langu la saa 24 lilikuwa linakata roho saa sita kasoro dakika tano, na tumboni mwake zimo MB 380 ambazo sijazigusa.

Mama watoto akafunua shuka. “Unaangalia nini saa hizi?”

“Ngamia.”

“Wa nani?”

“Wa bando.”

Akajifunika tena gubigubi.

Kabla hujanicheka, tazama natoka wapi. Mtu wa Handeni hamwagi kitu. Mji wetu umeishi kwa maji ya kusubiri. Miaka ya 1970 tulijengewa mradi mkubwa, HTM, wa kuyavuta maji ya Mto Pangani huko upande wa Korogwe na kuyapandisha hadi kwetu. Mabomba yakazeeka, pampu zikachoka, nasi tukarudi kwenye madumu. Sasa macho yetu yako kwenye mradi wa maji wa miji 28. Kwa hiyo nyumba ya Handeni utaijua kwa vyombo: pipa uani, madumu ya njano chini ya kitanda, ndoo jikoni, na sufuria ya pilau nayo hujazwa maji wiki isiyo na shughuli. Maji niliyoyateka Jumatatu nayanywa Ijumaa. Hajawahi kuja mtu usiku wa manane akanigongea mlango: “Mwalimu, saa 24 zimetimia, mwaga.” Bando ndiyo bidhaa pekee ninayoilipia kwa fedha yangu kisha nikanyimwa kifuniko.

Nafundisha hisabati, nikaona jambo hili nilimalize kwa hesabu. Nikanunua kaunta buku, nikapiga mistari: jina la kifurushi, bei, MB, muda, na safu ya mwisho nikaiita Maumivu. Mamlaka ya Mawasiliano, TCRA, ilikwisha kuweka mipaka: mwaka 2021 bei ya MB moja ilitakiwa iwe kati ya shilingi 2.03 na 9.35. Igeuze hesabu hiyo uone. Shilingi 1,000 yaweza kukupa MB 492, au ikakupa 106 na ushei. Ni sawa na kwenda dukani na elfu moja yako bila kujua kama utarudi na sukari ya wiki au ya chai ya jioni. Ndiyo maana Aprili mwaka ule, vifurushi vipya vilipotangazwa, nchi nzima ilipiga kelele mpaka serikali ikavisitisha. Sijaona siku nyingine walimu, bodaboda na wachungaji wakisema neno moja.

Kanuni za mwaka huohuo zinaitaka kampuni ikujulishe matumizi yako yakifika asilimia 75, na tena yakifika 100. Kampuni yangu, ambayo nitaisitiri jina, inanijulisha kweli. Ila kwangu ujumbe wa 75 na wa 100 huingia pamoja kama mapacha.

Nikajaribu vyote. Kifurushi cha siku kilinipa ngamia. Cha wiki kilikata siku ya tano, ukoo wetu ulipofungua kundi la WhatsApp la maandalizi ya arusi na kila shangazi akatuma video ya keki. Cha mwezi nilikinunua mara moja tu. Kijana wangu wa kidato cha tatu alipogundua simu ya baba ina GB 10, aliwasha hotspoti, na barazani kwangu pakaanza kukaa vijana wenye adabu kuliko kawaida. “Shikamoo mwalimu,” wananiamkia, macho hayatoki kwenye viganja. Mwezi ule ulikuwa na siku nne.

Mwisho nikaamua: nitanunua data tupu, bila dakika. Dakika za nini? Mwenye simu janja nitampigia kwa WhatsApp, na mwenye kitochi nitambipu. Nikaandika uamuzi huo kwa wino mwekundu na kuupigia mstari chini, kama jibu lililosahihishwa.

Mwenye kitochi muhimu kuliko wote ni mama mkwe wangu, anayeishi Manundu, Korogwe. Kwa miaka yote utaratibu wetu ulikuwa mmoja: nambipu, ananipigia, nampa shikamoo, anauliza wajukuu. Kubipu kwangu ni kwa kitaalamu. Nabonyeza, naona imeandika “inaita”, nakata. Sikio halihusiki kabisa.

Miezi minne iliyopita mambo yakabadilika. Nikimbipu, simu yake inaingia, inalia mara mbili, kisha anakata kabla sijapokea. Nikajua hali ni ngumu, naye sasa anabipu. Tukawa wakwe wawili tunaobipiana kati ya wilaya na wilaya, hakuna wa kupiga. Kisha mama watoto alipokwenda kumsalimia, alirudi na khanga ambayo mama alisema nionyeshwe mimi. Imeandikwa “Mdhaniaye ndiye kumbe siye.” Nikaisifia rangi.

Wakati huohuo salio langu likaanza kuvuja. Kila alfajiri, shilingi 100. Naweka vocha ya 500, siku ya tano sina kitu. Shilingi 100 si pesa ya kufa mtu, lakini ile ndiyo ilikuwa akiba yangu ya kubipu. Nikaipigia namba 100.

Kwanza nikabonyeza 1. Kisha 4. Kisha 0. Nikaambiwa wahudumu wote wanawahudumia wateja wengine. Baada ya dakika 23 za muziki, akapokea binti mwenye sauti ya asali.

“Nikusaidie nini, mpendwa mteja?”

“Dada yangu, nakatwa shilingi mia kila siku na sijui za nini.”

“Pole sana kwa usumbufu. Umeshajaribu kuizima simu yako na kuiwasha?”

Nikaizima. Ilipokwisha kuzimika ndipo nikakumbuka kwamba na binti mwenyewe alikuwa humohumo ndani.

Mara ya pili nikaja kwa vitisho. Tangu Machi 1, 2017 Mtanzania anaweza kuhamia mtandao mwingine na namba yake ileile. Unakwenda kwa wakala wa mtandao mpya, unatuma neno HAMA, basi. Nikamwambia mhudumu, “Nitahama!” Akanijibu kwa upole uleule, “Asante kwa kuchagua mtandao wetu. Je, kuna kingine?” Nikaona heri niwafuate uso kwa uso. Duka lao kubwa liko Korogwe.

Kutoka Handeni hadi Korogwe ni kilomita 65 za lami. Nilipanda Coaster na kaunta buku kwapani, nikaamua kuupima mtandao njiani. Handeni mjini simu iliandika 4G. Kuelekea Misima ikaandika H, nikaitafsiri kuwa “Hapohapo ulipo”. Tulipoikaribia Sindeni ikaandika E, yaani “Endelea kusubiri”. Kwenye bonde moja haikuandika herufi yoyote, na abiria wote tukainua nyuso kwa pamoja tukaanza kusalimiana. Jirani yangu nilikaa naye saa nzima. Hapo ndipo nilipomjua kuwa ni mzazi wa mwanafunzi wangu. Kisha milima ya Usambara ikajitokeza kwa mbele, tukavuka Mto Pangani, nikayatazama yale maji yetu yakipita zake, na simu ikapata uhai: jumbe kumi na moja kwa mpigo. Tisa za matangazo, moja ya mganga wa kurudisha mpenzi, na moja ya yule ndugu yetu wa siku zote: “Ile hela tuma kwenye namba hii.”

Dukani kuna feni, viti na foleni. Nilikaa na mzee mmoja aliyesema amekata mkonge Ngombezi tangu ujana. Akaitwa kabla yangu, akaambiwa aweke kidole gumba. Mashine ikawaka nyekundu. Akaweka cha shahada. Nyekundu. Akanyoosha mikono yote miwili juu ya meza, na mimi nikaviona vile vidole: vimesuguka hadi ncha zake zinang'aa kama mgongo wa kijiko, hakuna hata mstari mmoja. “Tangu ule usajili wa vidole wa 2019 mashine hizi zinanikana,” akasema. “Mkonge umekula saini yangu.” Zamu yangu ilipofika nikacheka kidogo, maana mimi ni mtu wa kalamu. Mashine ikawaka nyekundu. Chaki nayo, kumbe, inakula. Mzee akanipigia makofi. Kilichoniokoa ni kidole cha mwisho cha mkono wa kushoto, ambacho sijakifanyisha kazi yoyote tangu nizaliwe.

Kijana wa mezani akatazama kompyuta yake. “Mwalimu, hizi mia mia ni za wimbo wa mwito. Ule wimbo anaousikia mtu akikupigia.”

“Mimi sina wimbo.”

“Mfumo unaonyesha ulijiunga mwenyewe. Ulimpigia mtu mwenye wimbo huo, ukabonyeza nyota kuukubali.”

Nikakumbuka. Simu yangu haina vitufe, ina kioo, na kioo hukaa shavuni. Shavu langu, bila kunishauri, lilikuwa limeupenda wimbo wa mwalimu wa michezo.

“Ni wimbo gani?”

Kijana akaipiga namba yangu kwa simu ya ofisini, akanikabidhi mkonga. Kwa mara ya kwanza katika miezi minne nikausikia mwito wangu mwenyewe, maana simu imeumbwa hivyo: kila mtu anausikia isipokuwa mwenye nao. Ilikuwa taarabu ya mipasho. Mwimbaji, koo limenyooka, alikuwa akimsimanga mtu asiyemtaja jina kwa umbea, kwa wivu, na zaidi ya yote kwa kuingilia ndoa za watu.

Jasho likanitoka chini ya feni. Nikaanza kuhesabu walionipigia. Mwalimu mkuu. Afisa elimu kata. Mchungaji. Na mwanamke mmoja wa Manundu ambaye ameoza binti yake kwangu.

“Tuutoe?” kijana akauliza.

“Utoe. Na zile shilingi?”

“Mfumo unaonyesha ulikubali.”

Nilinunua kilo mbili za sukari na sabuni ya mche, nikaenda Manundu kwa miguu ili nipate muda wa kutunga maneno. Mama alikuwa mkekani chini ya mwembe, anachambua mchele. Nikapiga shikamoo ya magoti. Akaiitikia huku akiendelea na mchele. Nikaeleza yote: nyota, kioo, shavu, kidole cha mwisho cha kushoto. Nilipomaliza, akaweka ungo chini.

“Kwa hiyo hukuwa wewe.”

“Lilikuwa shavu, mama.”

Akanitazama kwa muda. Mama mkwe wangu alikuwa Dar es Salaam miaka ya 1990, vikundi vya taarabu vya TOT na Muungano vilipokuwa vikirushiana mipasho jukwaani na watu wakitoka ukumbini wakiwa wamegawanyika hadi ndani ya daladala. Huyo si mtu wa kupigwa wimbo akanyamaza.

“Na wangu uliupata?” akauliza.

“Wako upi, mama?”

Akapigwa na butwaa. Kumbe wiki ileile aliponisikia, alimwita mjukuu, wakachagua wimbo wa kunijibu, wakauweka kwenye kitochi chake. Miezi minne mama analipa shilingi 100 kwa siku ili kila nimpigiapo nipate dawa yangu. Na mimi miezi minne nabipu kwa kitaalamu, sikio halihusiki. Siku 120 kwa 100 ni shilingi 12,000. Mara mbili, 24,000. Kampuni imekula fedha hiyo yote kuendesha vita ambavyo upande mmoja haukujua kuwa vimeanza na upande wa pili haukujua kuwa risasi hazifiki. Kwenye kaunta buku nilikuwa na safu ya MB, ya saa na ya maumivu. Safu ya wakwe sikuichora.

“Piga,” mama akaniamuru.

“Mama, si tuko wote hapa?”

“Piga, mwalimu.”

Nikainuka hadi kwa binti wa mwamvuli pale njia panda, nikaweka vocha, na kwa mara ya kwanza tangu ule wino mwekundu nikanunua dakika. Nikarudi, nikasimama uani, nikapiga. Kitochi kikalia mapajani mwake juu ya khanga. Yeye akakunja mikono, akaniangalia, hakupokea. Sikioni mwangu kinanda kikaingia, kikafuatiwa na sauti ya mwanamke anayejua anachokisema. Ubeti wa kwanza ulipofika kwenye habari za wakwe wasio na shukrani, kidole changu kikatambaa kuelekea kitufe chekundu.

“Usikate,” mama akasema, huku akiurudia ungo wake. “Sikiliza mpaka mwisho, mwanangu. Nimelipia.”